Je, Wajua? Baridi ya Usiku Ndiyo Inayotengeneza Mvinyo

Je, wajua kwamba ubwiri unga unaowasumbua wakulima wa korosho wa Kurui, Kisarawe, una ndugu yake Dodoma? Mkulima wa Kisarawe anaujua vizuri: unga mweupe unaoshika maua na majani machanga ya mkorosho miezi ya kipupwe, na salfa inayopulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi au Hombolo, Dodoma, naye hupuliza salfa, kwa ugonjwa wenye jina hilohilo. Vimelea vyao ni tofauti. Cha mkorosho hakishiki mzabibu, wala cha mzabibu hakishiki mkorosho. Lakini dawa ni moja, na Wafaransa wamekuwa wakiinyunyiza kwenye mizabibu yao tangu miaka ya 1850.

Je, wajua kwamba Kurui na Dodoma zimeachana kwa takriban digrii moja tu ya latitudo? Jua linalopita juu ya mikorosho ya Kisarawe ndilo linalopita juu ya mizabibu ya Ugogo, na mchana una urefu uleule. Kinachozitenganisha ni mwinuko na maji. Kurui iko katika ukanda wa Pwani, si juu sana kutoka usawa wa bahari, na hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Dodoma iko kati ya mita 1,100 na 1,200, na ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Jumla ya mvua hiyo ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nusu hivi ya inayonyesha Dar es Salaam. Kwa miaka mingi tumezoea kuutaja ukame wa Dodoma kwa huruma. Kwa mzabibu, ukame huo ni mtaji.

Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi. Shika hesabu hiyo, kwa sababu mengi yanayofuata yanaitegemea.

Zabibu inapoiva, mambo mawili hukimbizana ndani ya punje. Majani hutumia jua kutengeneza sukari na kuipeleka kwenye tunda. Wakati huohuo tunda linapumua, mchana na usiku, na katika kupumua huko linachoma asidi ya maliki, ileile inayotawala katika tofaa bichi. Joto likikaa juu usiku kucha, asidi huisha mapema wakati sukari bado inapanda. Mvinyo wa zabibu ya namna hiyo huwa na kileo kingi, lakini mdomoni umepooza, hauna kitu cha kuuamsha ulimi. Usiku ukipoa, tunda hupumua polepole na asidi hubaki. Alfajiri ya Julai, kipimajoto cha Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Dar es Salaam mwezi huohuo hushuka hadi 18 hivi, na Februari usiku wa Pwani hubaki karibu na nyuzi 24. Tofauti hiyo ndogo ya nyuzi chache, usiku baada ya usiku kwa wiki kadhaa za kuiva, ndiyo inayoamua kama chupa itakuwa na uchangamfu au haitakuwa nao.

Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia 1 ya kileo. Zabibu yenye gramu 240 kwa lita, ikichachuka hadi mwisho, itatoa mvinyo wa asilimia 14. Kwa hiyo namba inayosomeka kwenye lebo ya chupa kavu ni taarifa ya hali ya hewa: inaeleza tunda lile lilipata jua kiasi gani, na mkulima alisubiri hadi lini kabla ya kulichuma.

Naye mkulima haijui siku hiyo kwa kukisia. Huchuma punje moja upande wa kichala ulioelekea jua na nyingine upande wa kivuli. Huminya tone juu ya kioo cha kipima sukari, hukielekeza kwenye mwanga, na kusoma pale mstari wa kivuli ulipokatika. Kisha huitafuna punje yenyewe. Ngozi ikikausha mdomo kwa ukakasi, na mbegu ikiwa ya kijani na chungu, tunda halijakomaa hata kama kipimo cha sukari kimetosha. Mbegu ikiwa ya kahawia na ikivunjika kwa jino kama karanga iliyokaangwa, siku ya kuchuma imekaribia. Katika nchi ya joto sukari huwahi kufika kabla mbegu na ngozi hazijakomaa, na anayechuma kwa kutazama sukari peke yake hupata mvinyo mkali kwa kileo na mchanga kwa ladha. Kitendo hiki kidogo cha kutafuna mbegu kina elimu nyingi kuliko maelezo marefu yanayochapwa nyuma ya chupa.

Je, wajua kwamba mzabibu wa Dodoma huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka? Ulaya majira ya baridi huupukutisha majani na kuulaza hadi joto lirudi, hivyo mavuno ni moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukiachwa bila kupogolewa, mzabibu wa nchi za joto hutoa majani juu ya majani, na chipukizi la nchani huyazuia macho ya chini yasiamke. Mkasi wa mkulima ndio unaoshika nafasi ya majira ya baridi. Tawi likikatwa na kubakizwa macho machache, macho hayo huchipua pamoja, yakitoa majani na vikonyo vya maua, na baada ya miezi minne hadi mitano kuna zabibu za kuchuma. Ndiyo maana Dodoma ina mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayafanani. Zabibu za Machi zimeivia kwenye mvua na mawingu: punje zimejaa maji, sukari imepungua, magonjwa ya ukungu yamepata nafasi. Zile za Agosti na Septemba zimeiva katika kiangazi, anga likiwa wazi mchana na hewa ikiwa baridi usiku, na maji zikiyapata kwa kiasi anachotaka mkulima. Ni shina lilelile, udongo uleule, mkono uleule wa kupogoa, na bado mivinyo inayotoka ni miwili tofauti. Wanaosomesha kilimo cha zabibu Ulaya hulazimika kulinganisha mwaka na mwaka ili waoneshe nguvu ya hali ya hewa. Dodoma somo hilo linapatikana ndani ya miezi sita, na sioni mfano bora kuliko huo popote Afrika Mashariki.

Dodoma haiko peke yake katika hili. Bonde la mto São Francisco kaskazini mashariki mwa Brazili, kwenye latitudo ya digrii 9 hivi kusini mwa ikweta, nalo ni kame, hunywesha mizabibu kwa maji ya mto, na huvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba zabibu za mvinyo hustawi kati ya digrii 30 na 50 tu. Wakulima wa nchi za joto wenye mkasi na maji ya kumwagilia wameupanua ukanda huo.

Je, wajua kwamba maji ya chini ya ardhi ya Makutupora, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, hayajazwi na mvua za kila mwaka? Visima vya bonde hilo ndivyo vilivyolihudumia jiji kwa miongo mingi, na vipimo vya kina cha maji vimewekwa kwa zaidi ya miaka 50. Watafiti waliovichambua na kutoa matokeo yao mwaka 2013 walionesha kwamba maji hupanda hasa katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka ya kawaida huongeza kidogo sana. Mkulima wa kisima katika bonde hilo, basi, anaweza kuwa anamwagilia zabibu za mwaka huu kwa mvua iliyonyesha watoto wake hawajazaliwa.

Hapohapo Makutupora ndipo kilipo kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na ndipo lilipotoka jina la zabibu nyekundu ya Makutupora, inayolimwa sana na wakulima wadogo wa Dodoma. Kwa upande wa nyeupe, iliyoenea ni Chenin Blanc, aina yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Sifa yake kubwa ni kushikilia asidi hata kwenye joto, na ndiyo sababu imekubali Afrika Kusini na imekubali Dodoma.

Walioleta mizabibu Dodoma ni wamisionari wa Kikatoliki, katikati ya karne ya 20, na Bihawana ndiko kunakotajwa zaidi kuwa mwanzo wake. Walihitaji mvinyo wa misa.

Je, wajua kwamba Hombolo, kaskazini mashariki mwa jiji, kunalimwa Teroldego na Marzemino, zabibu za Trentino, chini ya milima ya Alps? Pamoja nazo iko Aglianico ya kusini mwa Italia, ambayo kwao huchelewa kuiva hadi Oktoba na hata Novemba, baridi ikiwa imeanza kuingia. Zabibu zilizozoea theluji ya jirani sasa zinaivia kati ya mibuyu. Ngozi zao hukutana na jua la mwinuko, lenye miale mikali ya urujuanimno kuliko la Pwani, nazo hujikinga kwa kuongeza rangi na kemikali zinazoleta ukakasi. Lakini kuna mpaka. Joto la tunda likipita nyuzi 35 kwa muda mrefu, utengenezaji wa rangi hupungua na punje zilizo wazi huungua. Kwa hiyo Dodoma majani yanayokifunika kichala hayapunguzwi hovyo, ilhali kwenye baadhi ya mashamba ya kaskazini mwa Ulaya wanayang'oa makusudi ili jua lifike.

Baridi huonekana hadi kwenye harufu: ile ya pilipili manga inayosikika katika baadhi ya mivinyo ya zabibu ya Syrah haitokani na mpishi wala pipa. Ni kemikali iitwayo rotundoni, ambayo watafiti wa Australia waliitambua mwaka 2008, na ndiyo hiyohiyo inayoipa pilipili manga ya Zanzibar harufu yake. Mashamba yenye ubaridi huwa nayo kwa wingi. Yenye joto kali huwa nayo kidogo.

Kwa nini basi Kurui haina mashamba ya mvinyo? Joto la usiku ni sababu moja. Unyevu ni sababu kubwa zaidi. Kuna ukungu mwingine, ubwiri vinyoya, ambao mbegu zake huhitaji jani lililolowa na joto la wastani ili ziingie. Masika ya Pwani huviandaa vyote viwili kwa wiki nzima mfululizo. Ugonjwa huo huonekana kwanza kama madoa ya mafuta juu ya jani, kisha ukigeuza jani unakuta utando mweupe chini yake. Dodoma upepo mkavu hukausha majani mapema, na sehemu kubwa ya mwaka ugonjwa huo hauna pa kushika.

Udongo wa kichanga, ambao Pwani inao tele, ungekuwa faida. Miaka ya 1860 mdudu wa mizizi aitwaye filoksera aliingia Ulaya kutoka Amerika Kaskazini, akaangamiza mizabibu ya Ufaransa na ya majirani zake. Mashamba ya Colares, karibu na Lisbon, yalinusurika kwa sababu mizizi yake imezikwa kwenye mchanga mwingi, na mdudu yule hawezi kutambaa ndani ya mchanga mtupu. Karibu kwingine kote Ulaya, zabibu zimepandikizwa juu ya mashina yenye asili ya Amerika hadi leo.

Udongo wenye rutuba nyingi, kwa upande mwingine, ni mtego. Mzabibu ulioshiba samadi na maji hukimbilia majani, hujiwekea kivuli wenyewe, na hutoa punje kubwa zenye maji mengi. Rangi na sehemu kubwa ya ladha ya mvinyo mwekundu hukaa kwenye ngozi, na punje ndogo ina ngozi nyingi ukilinganisha na maji yake. Mashamba ya umwagiliaji wa matone kama ya Chinangali, Wilaya ya Chamwino, yana uwezo ambao mvua haiwezi kumpa mkulima: kufunga bomba kwa kiasi, wiki za mwisho, ili punje zisivimbe.

Tuvuke mipaka kidogo. Naivasha, Kenya, iko chini ya digrii moja kutoka ikweta, lakini ziwa lake liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ndiko unakotoka mvinyo wa Leleshwa, wenye Sauvignon Blanc, zabibu isiyopenda joto. Ethiopia ina mashamba makubwa karibu na Ziway, kwenye Bonde la Ufa, yaliyozungushiwa handaki ili viboko na fisi wasiingie. Oman, ambako ndugu zetu wengi wa Pwani wana ukoo, joto la Muscat haliuachi mzabibu upumue; lakini panda Jabal Akhdar hadi mita 2,000 hivi, utakuta matuta ya mawe yenye zabibu, komamanga na mawaridi, yakinyweshwa kwa mifereji ya falaji. Mwingereza James Wellsted, aliyepita huko miaka ya 1830, aliandika kwamba wakazi wa mlima ule walikamua mvinyo wao wenyewe.

Na Kurui? Ina kinywaji chake ambacho Dodoma haikiwezi. Mnazi unataka joto lisilopungua na unyevu wa Pwani, yaani yaleyale yanayoushinda mzabibu. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara kipande chembamba kwa kisu kikali, na kukinga utomvu kwenye kibuyu. Utomvu huanza kuchachuka palepale juu ya mti, kwa hamira iliyomo hewani na kibuyuni, na joto la Kisarawe huiharakisha kazi hiyo. Tembo la asubuhi bado ni tamu. Jioni limekuwa kali. Likikaa zaidi ya hapo linaelekea siki. Mvinyo huandika mwaka mzima wa shamba. Tembo la mnazi huandika saa.

Iringa na Njombe wana ulanzi, unaotoka kwenye mianzi michanga iliyokatwa ncha, na hupatikana msimu wa mvua tu, kwa kuwa ndipo mwanzi unapochipua. Mvua inayoharibu zabibu ndiyo inayoleta ulanzi.

Sasa jambo linaloniuma. Sehemu kubwa ya zabibu za wakulima wadogo wa Dodoma hukamuliwa na kuuzwa kama mchuzi wa zabibu, kwa jumla, kwa watengenezaji wa mvinyo. Mchuzi una maana kwa mkulima, kwa kuwa zabibu mbichi haingoji mnunuzi, na tenki lenye mchuzi linampa muda wa kutafuta bei. Lakini mchuzi wa Mpunguzi ukichanganywa na wa Hombolo na wa Mvumi ndani ya tenki moja, wa Machi ukikutana na wa Agosti, kila kitu kilichosimuliwa hapo juu kinafutika: mwinuko, mchanga, usiku wa baridi, uvumilivu wa yule aliyetafuna mbegu kabla ya kuchuma. Bei inabaki moja kwa aliyejitahidi na kwa asiyejitahidi. Burgundy, Ufaransa, mashamba mawili yaliyotenganishwa na ukuta wa mawe huuza kwa majina tofauti na bei tofauti. Ningependa kuona chupa yenye jina la kijiji cha Dodoma na mwezi wa mavuno, na mkulima wa kijiji hicho alipwe kwa jina hilo.

Je, wajua kwamba mji wa Beaune, hukohuko Burgundy, una kumbukumbu za tarehe za kuanza kuchuma zabibu tangu mwaka 1354? Wanahistoria waliziunganisha na kuzichapisha mwaka 2019. Tangu 1988 uchumaji umekuwa ukianza kwa wastani siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa katika karne zilizotangulia. Kusini mwa Uingereza, kwenye udongo wa chokaa unaofanana na wa Champagne, sasa wanatengeneza mvinyo wa povu unaoshindana na wa Wafaransa. Kwa nchi za baridi, kupanda huku kwa joto la dunia kumefungua milango. Dodoma haina baridi ya ziada ya kupoteza. Usiku wake ukipanda kwa nyuzi mbili, asidi itaanza kuondoka, na pa kukimbilia ni juu zaidi tu.

Anayeishi Kurui na anapenda kuwa na mzabibu uani anaweza kuwa nao, kwa zabibu za kula mezani na kwa kivuli. Kalenda ndiyo siri. Upogoe masika yakiisha, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, ili majani mapya yatoke mvua ikiwa imekoma. Chanja iwe juu na upande uelekee upepo wa kusi, majani yakauke mapema. Salfa ile ya mkorosho itafaa kwa ubwiri unga, ikipulizwa kwa kiasi na si wakati wa jua kali, kwa kuwa huunguza. Hesabu miezi minne, uchume mwezi wa Oktoba vuli haijaanza.